Mafunzo haya ni ya nani?

Wasikilizaji, tangazo mmelisikia tangu Jumatatu, hatutalirudia. Mafunzo ya usalama wa vifaa vilivyounganishwa na intaneti yanakuja, yatatolewa mtandaoni, na walengwa, tumeambiwa, ni maofisa TEHAMA, wahitimu wa vyuo vikuu na wataalamu wa usalama wa mtandao. Ni jambo jema, hatulipingi. Tunauliza tu: mafunzo haya ni ya nani?

Maana vifaa hivyo ni pamoja na kamera za ulinzi, na wataalamu hao hawazifungi. Ofisa TEHAMA hapandi ngazi. Anayepanda ngazi ni fundi wa Kariakoo, kijana aliyejifunza kazi kwa kumshikia ngazi fundi mwingine. Ndiye aliyefunga kamera za duka la vipodozi, ndiye aliyefunga za gesti, ndiye aliyefunga za zahanati, na ndiye atakayekuja kufunga za kwako. Huyo kwenye tangazo hayumo. Tena fomu ya kujisajili inadai barua pepe ya kikazi. Fundi barua pepe yake alifunguliwa na muuza simu, na nywila haikumbuki.

Mtazameni anapomaliza kazi. Picha ni safi, mteja amefurahi. Fundi anachukua simu ya mteja, anaskani msimbo uliobandikwa ubavuni mwa mashine ya kurekodia, na picha za duka zinatokea kwenye simu. Kisha anatoa simu yake mwenyewe, anaskani pia. "Bosi, ikisumbua nitaicheki nikiwa nyumbani." Jina la kuingilia ni admin, pasiwedi ni 123456. Analipwa, anaondoka. Mwaka ukipita, fundi yule akiwa kwake Mbagala bado anaweza kuona nani amesimama kaunta na droo ya fedha inafunguliwa saa ngapi. Tuseme hana nia mbaya. Na siku simu yake ikiibiwa kwenye mwendokasi?

Msikimbilie kumwita mzembe. Muulizeni. Atawaambia: nikiweka pasiwedi ngumu mteja anaisahau, ananipigia saa nne usiku, narudi kwa nauli yangu, na silipwi. Hapo ndipo somo lilipo! Afundishwe kumkabidhi mteja nywila yake kwa maandishi, kuiondoa simu yake kwenye mfumo kazi ikiisha, kusasisha programu ya kamera, kufunga njia ya kuingilia kutoka nje pale isipohitajika, na kuiandika kazi hiyo kwenye risiti ili ilipiwe. Kumpa kipindi kizima cha historia ya udukuzi hakumsaidii kitu. Na hayo ya maana atafundishwa kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, bila shaka.

Kiingereza, wasikilizaji. Kituo hiki kililisema hili la lugha kwenye mafunzo ya wavuvi, kikalisema kwenye mafunzo ya wenye maduka ya dawa, na leo kinalisema tena. Kiingereza.

Wapo watakaosema: duka la vipodozi lina siri gani ya kudukuliwa? Siri si lazima. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilizagaa duniani ikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi 60 na ushee tu, na kwa jozi hizo ikateka kamera na ruta kwa malaki. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la kamera za ulinzi zilizotekwa namna hiyo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, hadi watu wakakosa intaneti. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32. Wenye kamera zile hawakujua lolote. Kamera ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida, huku zikiipiga Liberia.

Waingereza wamejifunza. Tangu Aprili 29, 2024 sheria yao inakataza kifaa cha namna hii kuuzwa kikiwa na nywila ya kiwandani iliyo rahisi kukisiwa. Lakini kamera zilizokwisha kupigiliwa kwenye kuta za Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya hazirekebishwi na sheria ya London. Zinarekebishwa na fundi. Na fundi hajaalikwa.

Kwa hiyo waandaaji, badilisheni orodha kabla siku ya mwisho ya kujisajili haijafika. Mtafuteni fundi. Mtafuteni muuzaji wa vifaa pale Kariakoo, anayeulizwa na wateja kamera ipi ni nzuri naye akajibu kwa bei. Mtafuteni mwenye gesti, maana picha za wageni wake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iwe anajua au hajui. Masomo yawe mafupi, ya kutumwa kwa WhatsApp, yasiyomaliza bando la mtu. Yawe kwa Kiswahili. Kiswahili, jamani, Kiswahili!

Nawe mwenye duka unayetusikiliza muda huu na kamera iko juu ya kichwa chako, usingoje mafunzo. Mpigie fundi wako leo. Aje abadilishe nywila mbele yako, aiandike, aitoe simu yake kwenye mfumo ukiona kwa macho yako. Na umlipe.