Kabla ya kumpiga mbwa rungu, uliza amekula nini

Hivi karibuni nilikwenda Tarakea kuzika. Wanaoifahamu Rombo wanaijua safari hiyo: unatoka Moshi, unapita Himo, Marangu Mtoni, Mwika na Mkuu, hadi lami inakufikisha mpakani, na Loitokitok ya wenzetu wa Kenya iko ng'ambo tu. Baada ya mazishi tulikaa chini ya migomba, kata ya mbege ikizunguka, na kama ilivyo desturi ya misiba yetu, mazungumzo yakahama kutoka kwa marehemu yakaenda kwa mambo ya walio hai. Ndipo nilipopata habari ya mbwa wa jirani.

Mbwa huyo alionekana asubuhi akipepesuka kama mlevi wa pombe. Mate yalimtoka, alijikojolea bila kujijua, na kila alipoguswa alishtuka. Mtoto mmoja wa nyumba ya pili alimsogelea ili amshike, naye katika kushtuka huko akamng'ata mkononi. Neno moja tu lilitosha: kichaa! Vijana wakashika marungu, na kabla ya saa nne mbwa alikuwa ndani ya shimo, amefukiwa. Mtoto akapelekwa hospitali kuanza sindano. Hapo wazazi wake walifanya jambo la busara, na kama hamtakumbuka neno lingine lolote la leo, kumbukeni hilo.

Jioni ile ile ya msiba, kijana mmoja wa nyumba yenye mbwa alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mzee, shikamoo. Wewe ni mtu wa redio, naomba nikuulize kitu." Kumbe alikuwa ameficha kifurushi chake cha bangi katika banda la mbuzi, ndani ya majani makavu ya migomba. Usiku kile kifurushi kilitoweka, na asubuhi akaikuta karatasi imetafunwa. Aliyajua yote hayo wakati marungu yanashushwa, na alikaa kimya. Alimwogopa baba yake, na zaidi ya baba yake aliwaogopa polisi.

Ndugu wasikilizaji, mimi simtetei kijana huyu. Bangi ni kosa upande wetu wa mpaka na ni kosa upande wa pili pia, na tangu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 adhabu zake si za mchezo. Lakini bangi ipo. Ipo mijini na ipo vijijini, na wapo hata wanaojisifu kwamba yao ni "cha Arusha" halisi. Mahali ilipo bangi na wanyama wapo, na mbwa hula kila kitu chenye harufu. Madaktari wa wanyama wamekwisha kuona hata mbwa waliolewa kwa kula kinyesi cha mvutaji. Mnisamehe kwa kulitaja hilo saa ya chakula.

Je, mbwa aliyekula bangi huwaje? Dalili huanza mapema, mara nyingi ndani ya saa moja au chache baada ya kula. Hupepesuka, husinzia akiwa amesimama, mboni za macho hutanuka, mate humtoka, pengine hutapika, mkojo humdondoka, na huruka kwa mlio mdogo tu. Mapigo ya moyo yanaweza kupungua na mwili ukapoa. Wengi hurudi katika hali yao ndani ya siku moja, wengine huchukua hadi siku tatu. Ni nadra kufa. Huko Colorado, Marekani, wataalamu walichunguza mbwa 125 waliopelekwa kutibiwa kati ya mwaka 2005 na 2010 kwa kushukiwa kula bangi, na waliokufa walikuwa wawili tu. Wote wawili walikuwa wamekula vitu vilivyookwa kwa siagi yenye bangi. Ulevi wa bangi huyeyuka katika mafuta, na kwa hiyo keki au siagi hubeba mwingi kuliko majani mabichi.

Kwa sababu hiyo hiyo, ile desturi yetu ya kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu iachwe. Mbwa anayepepesuka hawezi kumeza vizuri. Maziwa, mafuta au maji ya chumvi yatakwenda mapafuni, na hapo utamwua wewe, si bangi. Usimtapishe pia akiwa amekwisha kulewa. Mfungie mahali penye giza na utulivu, pasipo na ngazi wala moto, mtandikie gunia apate joto, ondoa mabaki yote ya alichokula, na mwite bwana mifugo. Akifika mapema anaweza kumpa mkaa maalumu wa dawa, ambao si mkaa wa jikoni, au kumtundikia dripu. Dawa ya kuifuta bangi mwilini hakuna. Kazi ni kumtunza mnyama mpaka imtoke. Akipatwa na degedege, akihema kwa shida au akiwa haamki kabisa, usingoje kesho.

Sasa nirudi kwenye kichaa, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Dalili za mbwa mlevi na za mbwa mwenye kichaa zinafanana vya kutosha kumdanganya mtu yeyote anayetazama kutoka uani. Hata sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mimea zinaweza kumfanya mbwa atoke mate na kutetemeka. Tofauti huonyeshwa na siku. Mlevi wa bangi kesho au keshokutwa anakula; mwenye kichaa huzidi kuwa mbaya na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10. Kwa hiyo mbwa aliyemng'ata mtu, ikiwezekana kumfungia bila mtu kuhatarishwa, hufungiwa na kuangaliwa siku hizo 10. Mbwa wa Tarakea hakupewa hata saa 10, na kichwa chake ambacho kingeweza kupimwa kilioza shimoni.

Ikiwa hakuna aliyemwona akila kitu, mchukulie kuwa ana kichaa: asiguswe, watoto waondolewe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa ndani, yaani karibu sisi sote wa vihambani, tulitazame. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwalisha ng'ombe wa maziwa majani ya jamii ya bangi. Ng'ombe walipiga miayo, walichezesha ndimi, wakayumba, na ulevi ule ulikutwa ndani ya maziwa. Kijana wangu alikuwa ameficha kifurushi bandani mwa mbuzi. Mbuzi wangekitangulia mbwa, je, nani angekunywa maziwa ya asubuhi?

Bwana mifugo hahitaji kuambiwa bangi ni ya nani. Sentensi moja, "amekula bangi, jana usiku, kiasi cha kiganja," inamtosha kuanza kazi. Anayemwambia "sijui amekula nini" anamfanya atibu gizani.

Kijana aliniuliza kama mtoto wa jirani aachishwe sindano sasa. Nilimwambia hapana, maana karatasi iliyotafunwa haithibitishi kwamba mbwa hakuwa na kichaa, na mbwa mwenyewe hayupo tena wa kutuonyesha. Sindano zitaendelea mpaka ziishe. Akaniuliza tena kama amwambie baba yake. Nikamwambia aanze kwa mama wa yule mtoto. Nilipoondoka Tarakea kesho yake asubuhi, alikuwa bado hajavuka ua.