Tumuulize Msichana Mwenyewe

Maneno ya komite kwa wanachama, mukutano wa mwezi wa wamama, Kabambare

 

Leo sisi wa komite tunataka kusema juu ya wale watu wa anketi wanaopita katika vijiji na makaratasi yao. Wanauliza mambo mawili: afya ya uzazi ya vijana, na namna wamama wanavyotafuta maisha. Wengi wenu mulituambia: "Faida yake nini? Tuliulizwa kambini, Nyarugusu na Lugufu. Tuliulizwa tena tuliposhuka meli Baraka. Mpaka leo tunalima na jembe lile lile." Hilo ni swali la haki. Tutalijibu, lakini tutaanza na kosa letu wenyewe.

Munakumbuka ile kesi. Msichana wa hapa kwetu, miaka 16, alipata mimba. Tulikaa chini ya paa hii hii: baba yake, wajomba, ndugu za yule mwanaume, na sisi wa komite. Tukakata maneno: mwanaume alete mbuzi na feza kidogo, kiisha amuchukue. Tukarudi nyumbani tukisema tumeleta amani. Sasa mutu mmoja wa anketi alipotuuliza namna tunavyokata kesi kama hizo, tulimusimulia kwa kujisifu. Akatuuliza neno moja tu: "Na yeye mwenyewe alisema nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa jikoni, anatupikia.

Tena sheria ilikuwa wazi. Sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009 inasema: asiyefika miaka 18 ni mutoto, na ndoa ya mutoto imekatazwa. Sheria ya mwaka 2006 inahesabu kulala na mutoto wa chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji, hata kama yeye hakupiga kelele. Mbuzi haifuti hayo. Leo yule binti ana mutoto mgongoni, na madaftari yake yalibaki kwa mama yake. Tunasema haya mbele yenu kwa sababu kosa lililofichwa linarudi.

Sasa, faida ya kuuliza. Anketi kubwa ya nchi nzima ya mwaka 2013-2014 ilionyesha kwamba katika Kongo, kwa kila wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa ao wana mimba. Ni zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Lakini sikilizeni vizuri: anketi ile iliuliza wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Binti wa miaka 13 ao 14 hakuulizwa. Asiyeulizwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi dawa wala darasa.

Na mimba ya mapema si haya ya jamaa tu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema wamama wa miaka 10 mpaka 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizo kisha kuzaa, kuliko wale wa miaka 20 mpaka 24. Uchungu ukikaa siku mbili, tatu, bila msaada, unaweza kuleta fistula, mama anavuja mukojo bila kujizuia. Hiyo si laana. Ni kidonda, na waganga wanakishona.

Jambo la pili ni wamama. Mwenye anketi anafika kwenye nyumba, anauliza: "Mama, una kazi gani?" Mama anajibu: "Sina kazi." Anaandika: hana kazi. Lakini mama huyo ameamka kabla ya jogoo, ameteka maji, amelima mpunga, ametwanga muhogo, na jioni amepanga mafungu ya karanga na mafuta ya ngazi mbele ya nyumba. Chumvi ya nyumba inatoka kwake, na sabuni, na mara nyingi feza ya masomo. Wamama, mukiulizwa tena, msiseme hamuna kazi. Semeni mnafanya nini tangu asubuhi mpaka usiku.

Kwa nini tunaweka mambo haya mawili pamoja? Kwa sababu nyumbani yako pamoja. Huku kwetu kuna dhahabu. Namoya na Salamabila si mbali. Mwanaume wa machimbo anarudi na feza mfukoni. Anampa binti sabuni, mafuta ya kujipaka, kiisha simu. Sisi tunasema binti ana tamaa. Tunasahau kuuliza kama sabuni ilikuwa nyumbani. Shule ya msingi imekuwa bila malipo tangu mwezi wa 9, 2019, lakini akiingia sekondari mzazi analipa. Hapo ndipo wengi wanaachia njiani, katika umri ule ule wa hatari.

Kwa hiyo mfuko wa mama ni ulinzi wa binti. Kule Tanzania tulijifunza vikoba. Hapa wanasema AVEC. Ni njia iliyoanza nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini. Si kama likelemba, ambapo mmoja anabeba yote kwa zamu. Hapa kila mmoja ananunua hisa kadiri anavyoweza, sanduku lina kufuli tatu na watu watatu wenye ufunguo, mikopo inarudi na faida kidogo, na mwisho wa mwaka munagawana. Pembeni kuna sanduku la msaada kwa ugonjwa na msiba.

Tunajua wababa wengine wanasema AVEC inaharibu wanawake. Na tunajua wamama waliokopa, na mkopo ukaishia mkononi mwa bwana, deni likabaki kwao. Wababa, tangu sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kukopa ao kuweka mkataba. Nyumba itakuwa na nguvu mukipanga pamoja, si mukinyang'anyana.

Basi komite inaleta mapendekezo manne.

Moja: hakuna tena kesi ya binti kukatwa hapa kwa mbuzi. Binti asikilizwe kwanza, peke yake, na mama anayemwamini.

Mbili: mutu wa anketi akija, aombe ruhusa ya mzazi na ya binti pia. Binti aulizwe na mwanamke, mbali na masikio ya watu, na akisema hapana, iwe hapana. Kiisha majibu yarudi hapa, yasomwe kwa Kiswahili, chini ya paa hii.

Tatu: aliyebakwa apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Dawa ya kuzuia UKIMWI inapaswa kuanza kabla ya masaa 72, na ya kuzuia mimba kabla ya siku 5. Tukikaa kujadili mbuzi, masaa yanapita.

Nne: sehemu ya sanduku la msaada ilipe masomo ya mabinti wa sekondari, pamoja na wale waliokwisha kuzaa na wanataka kurudi darasani.

La nne linagusa mfuko wa kila mmoja wetu, kwa hiyo tutapiga kura. Yule binti tuliyemkosea, wamama wawili wa komite walikwenda kumuuliza, safari hii kweli. Alijibu: "Nataka kumaliza masomo, lakini mutoto nitamwachia nani?" Hilo hatukuwa tumelifikiria hata siku moja. Mama yake amekubali kumbeba mjukuu asubuhi. Feza ndiyo inayokosekana.

Anayekubali, anyoshe mukono.