Kesi Isiyo na Faili: Riwaya ya Kihistoria na Wanawake Waliotuhumiwa Uchawi

Riwaya ya kihistoria kuhusu kesi za uchawi kwa kawaida huzaliwa kwenye jalada la mahakama. Huko Vardø, kisiwa cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Norwei, makarani wa karne ya 17 waliandika jina la mshtakiwa, maswali aliyoulizwa, majibu aliyokamuliwa na hukumu ya kuchomwa moto. Katika jimbo zima la Finnmark waliuawa watu 91, wengi wao wanawake, na jengo la kuwakumbuka lilifunguliwa Vardø mwaka 2011. Mwandishi wa Kiingereza Kiran Millwood Hargrave aliitumia historia hiyo katika The Mercies (2020), riwaya inayoanza na dhoruba ya mkesha wa Krismasi wa 1617 iliyozamisha wanaume wapatao 40 na kukiacha kijiji mikononi mwa wanawake. Karani alikuwa upande wa adui, lakini aliandika, na sauti ya mshtakiwa imebaki humo hata kama imepindishwa.

Mwandishi atakayetaka riwaya ya namna hiyo kutoka Babati, mkoani Manyara nchini Tanzania, hatapata jalada kama hilo. Hakuna aliyelipoteza. Ni mashauri yenyewe ambayo hayakuandikwa, na sababu za kutoandikwa ni sehemu ya hadithi anayoitafuta.

Malighafi nyingine ipo tele. Kaskazini mwa mji, kwenye mbuga inayoteremka kupita Magugu kuelekea Ziwa Manyara, wanaishi Wambugwe, ambao watemi wao wa zamani walikuwa waleta mvua. Mwanaanthropolojia Robert Gray, katika makala iliyochapishwa mwaka 1963, alieleza imani yao juu ya fisi. Mchawi hufuga fisi kama watu wafugavyo ng'ombe: humkamua, na usiku humpanda akiwa uchi na mwenge mkononi. Mwenge huo huwaka kwa samli ya fisi, ambayo watu waliionyesha mchana kweupe, imepakwa kwenye majani. Wataalamu wa wanyama wanaijua: ni ute wa tezi ambao fisi huuacha kuweka alama ya eneo lake. Linalomhusu mwandishi wa riwaya ni muundo wa imani hiyo. Kukamua, kusukasuka maziwa na kuwasha moto ni kazi za kila siku za boma, na uchawi ni kazi hizo hizo zilizogeuzwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana tuhuma haikuwa na haja ya kusafiri mbali. Mtuhumiwa alikuwa mtu ambaye kibuyu chake kilijulikana.

Hukumu nayo ilikuwa na utaratibu wake. Katika sehemu nyingi za Tanganyika mtuhumiwa alipelekwa kwa mpiga ramli, kisha kwenye kiapo cha mwavi, yaani kunyweshwa dawa ya sumu: akitapika amesafishwa, akianguka amehukumiwa. Ulikuwa utaratibu wa kikatili, ila ulifanyika hadharani, wazee wakiwepo na ndugu wa pande zote mbili wakitazama. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, ikaiweka mpya mwaka 1928. Hiyo ya pili, pamoja na marekebisho yake, ndiyo Sura ya 18 ya sheria za Tanzania. Inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali atakapotajiwa. Kiapo kilipigwa marufuku, nayo mahakama haikuwa na namna ya kupokea ushahidi wa usiku. Hofu haikufutwa na sheria. Ilinyimwa baraza tu.

Matokeo yake yalionekana vibaya zaidi magharibi, Usukumani. Hesabu za serikali zilizochambuliwa na mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa tuhuma za uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Operesheni ya kuwasaka wauaji iliishia kwa washukiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika. Baadaye mchumi Edward Miguel, akichunguza wilaya ya Meatu, alikuta kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya vikongwe yaliongezeka maradufu, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Macho mekundu yaliyohesabiwa kuwa dalili ya uchawi ni macho ya mtu aliyepikia moshi wa kuni na samadi kwa miaka hamsini. Kudai kwamba marufuku ya kiapo peke yake ilileta mauaji ni kurahisisha mno: njaa, urithi wa shamba la mjane na malipo ya mpiga ramli vina uzito wao. Hata hivyo, kwa mtunzi tofauti ni kubwa. Vardø inampa kesi; Meatu inampa mlango uliovunjwa usiku na majirani wasiosikia kitu.

Riwaya ya Kiswahili imeonyesha njia mbili. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977) inautazama uchawi kama urithi wa baba kwa mwana. Myombekere na Bugonoka ya Aniceti Kitereza, iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, inamfuata mke asiye na mtoto katika nyumba, mashamba na dawa za waganga, bila haraka. Njia ya Kitereza ndiyo inayofaa zaidi pasipo na jalada, kwa sababu tuhuma hujengwa kwa mambo madogo: nani alinyimwa chumvi, nani hakufika msibani.

Isitoshe, mkoa wa Manyara una baraza ambalo Vardø haikuwa nalo. Chini ya Mlima Hanang, kusini-magharibi mwa Babati, mwanaanthropolojia George Klima aliwakuta miaka ya 1950 wanawake wa Kibarbaig wakiwa na mahakama yao, girgwageda gademga. Hukutana wenyewe, husikiliza shauri la mwanamume aliyemkosea mwanamke, kisha humtoza dume la ng'ombe. Akikaidi, wanawake humlaani, na laana hiyo wanaume waliiogopa kuliko faini.