Paka Asiyeshiba: Tuusome Mwili Kabla ya Kujaza Bakuli



Utangulizi

Mama mmoja wa hapa Tanga aliniletea paka dume ndani ya kikapu cha ukindu. "Daktari, huyu hashibi," aliniambia. "Namlisha asubuhi, mchana na jioni, na bado anaruka mezani kuiba samaki. Watoto wamemchapa mpaka wamechoka."

Nilimtoa kikapuni. Tumbo lilikuwa limetuna kama la paka mwenye mimba, lakini nilipompitisha mkono mgongoni, vidole viligota kwenye pingili za uti, moja baada ya nyingine. Nilipoinua mkia nikaona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, vimenata kwenye manyoya. Kimoja kilikuwa bado kinajikunja.

Paka yule alikuwa amechapwa kwa kosa la kuwa na njaa ya kweli. Ndiyo maana hoja yangu leo ni moja: paka anapolia njaa, tusikimbilie bakuli wala fimbo. Kwanza tuusome mwili wake.

Kipimo cha mkono na mzani

Pitisha vidole ubavuni mwa paka bila kukandamiza. Mbavu zikihisika kama vifundo vya ngumi uliyoikunja, amekonda. Zikihisika kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa. Ukizitafuta usizipate, amenenepa kupita kiasi.

Kisha mpime uzito. Mzani wa dukani unatosha: mtie kikapuni, pima, halafu toa uzito wa kikapu. Andika, na urudie kila baada ya wiki mbili. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Kwa macho, manyoya huficha upungufu huo.

Chakula kinachojaza tumbo bila kulisha

Nilimuuliza yule mama paka anakula nini. "Ugali na mchuzi wa dagaa," akajibu. Dagaa wenyewe walikuwa wanaliwa na watu, na hapo hatumlaumu mtu; riziki ya nyumba ndiyo hiyo. Lakini ni lazima tuelewe kwamba paka si mbwa. Ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake huchoma protini kila siku hata anapopungukiwa nayo, kwa hiyo tumbo laweza kujaa ugali huku misuli ikiendelea kuyeyuka. Paka huyo atalia nusu saa baada ya kula, na atakuwa anasema kweli.

Kuna pia kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hautengenezi cha kutosha. Hupatikana kwenye nyama na samaki, wala hakimo kwenye nafaka. Mwaka 1987 daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wake hutanua na kudhoofisha moyo wa paka. Huharibu macho pia. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo tukichemsha samaki tusimwage supu yake. Tumpe paka pamoja na minofu, kabla ya kutia chumvi, kitunguu au pilipili. Vitunguu, pamoja na saumu, huharibu damu ya paka.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Hizo ni kama gramu 200 za samaki wa kuchemsha. Samaki peke yake hatoshelezi kila kitu, hivyo tubadilishe kwa moyo wa kuku, nyama na ini kidogo. Mwenye uwezo wa chakula kikavu cha dukani atahitaji gramu 55 hadi 65 tu, akifuata maelezo ya pakiti.

Minyoo na viroboto

Zile punje za mchele zilikuwa vipande vya tegu. Paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Ukitoa dawa ya tegu ukaacha viroboto kwenye mkeka, baada ya wiki chache tegu amerudi. Minyoo ya mviringo nayo hupita katika maziwa ya mama, ndiyo maana vitoto huwa na matumbo makubwa na miguu myembamba. Minyoo hiyo huweza kuwaambukiza hata watoto wetu wanaochezea mchanga wenye kinyesi cha paka.

Hapa natoa onyo kwa moyo wote: msimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, na paka hufa kwayo kwa mitetemeko na degedege.

Njaa ya maradhi na njaa ya mazoea

Paka anayenyonyesha na kitoto kinachokua wana haki ya kula sana. Lakini paka mzima anayekula vizuri, hana minyoo, na bado anakonda, huenda anaumwa. Akinywa maji na kukojoa kuliko kawaida, tufikirie kisukari. Akiwa na zaidi ya miaka kumi, hatulii na anatapika mara kwa mara, tufikirie tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Haya huhitaji vipimo vya damu.

Wapo pia wanaolia huku wamenenepa, mbavu hazihisiki. Paka aliyepewa kipande cha samaki saa kumi alfajiri ili anyamaze, kesho atalia saa hiyohiyo. Aliyehasiwa naye hamu yake huongezeka wakati mahitaji ya mwili yamepungua. Mnene wa namna hii apunguziwe chakula kidogo kidogo, wala asinyimwe kabisa: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na huweza kumuua.

Mapendekezo

1. Chakula cha siku kigawanywe mara tatu au nne, kwa saa maalumu. Paka wa porini hula windo dogo dogo mara nyingi kwa siku.
2. Dawa ya minyoo itolewe kwa paka mzima kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake.
3. Mnene achezeshwe kwa kamba, na chakula chake kifichwe sehemu mbalimbali akitafute.
4. Anayekonda apelekwe kwa daktari bila kusubiri.

Hitimisho

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Yule dume alipewa dawa, mikeka ikaanikwa juani, viroboto wakapigwa vita, na katika kila chungu cha dagaa likatengwa fungu lake kabla ya chumvi. Aliporudi kupimwa alikuwa ameongezeka, na tumbo limenywea. Nilimuuliza mama kama paka bado anaiba. Akasema siku hizi samaki wanakaa mezani bila kufunikwa, naye paka amelala chini ya kiti.