Foleni ya Ajira za Serikali

Juma hili nina swali moja: Serikali ikiongeza nafasi za kazi, je, wasio na kazi hupungua?

Jibu la haraka ni ndiyo. Ukiajiri walimu mia moja, watu mia moja wametoka kijiweni. Lakini hesabu haiishii hapo.

Majirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hili mwaka 1964. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliafikiana: Serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, waajiri binafsi kwa asilimia 10, na wafanyakazi wasigome wala kudai nyongeza ya mshahara. Habari zilipofika mashambani, watu waliweka majembe chini wakaenda mjini kutafuta bahati. Tatizo likabaki. Mwaka 1970 wachumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walieleza sababu: mtu haongozwi na kipato alicho nacho tu, bali pia na mshahara anaotumaini kuupata.

Tumaini hilo naliona hapa Lushoto. Kijana anamaliza chuo, anarudi kwao Mlalo au Mtae, anakifungia cheti sandukuni na kusubiri tangazo. Baba yake ana kabichi na viazi, anahitaji mtu wa kusimamia mzigo hadi Kariakoo. Kijana anaona hiyo si kazi. Nao wenye shule binafsi hulalamika kwamba nafasi za Serikali zikitangazwa, mwalimu wa hesabu huaga katikati ya muhula. Simlaumu. Serikalini kuna mshahara wa uhakika na pensheni. Lakini pengo lililozibwa kule limefunguliwa huku. Na foleni ni ndefu: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 135,000.

Je, Serikali iache kuajiri? Hata kidogo. Zahanati isiyo na mganga ni jengo tu. Tena mshahara wa mwalimu wa Soni hulipa kodi ya nyumba, hununua maziwa kwa jirani na kumpa kazi fundi cherehani.

Zaidi ya hapo, ziko kazi za umma zinazozaa kazi binafsi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ikizibwa na maporomoko, kabichi huoza; mpakiaji, dereva na mchuuzi wote hukosa. Anayeizibua analipwa na umma, wanaofaidi ni wengi. Kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro. Walioumia si waliokuwa kwenye mitambo peke yao, bali na mkulima mdogo mwenye majani mabichi yasiyoweza kungoja. Serikali ilikitwaa mwaka 2016, na kazi ya kukifufua ikakabidhiwa mifuko ya umma.

Basi tunapoambiwa idadi ya nafasi mpya, tuulize mambo mawili. Nafasi hizi zitawapa kazi wangapi walio nje ya orodha ya mishahara? Na zitawaweka wangapi foleni? Serikali ingetangaza mapema, kila mwaka, itaajiri wangapi na lini, na walimu wakaitwa muhula ukiisha, kijana angejua kama kuna cha kungojea, na shule zisingeachwa njia panda.

Kwa vijana nasema hivi: ombeni, ni haki yenu. Lakini ombeni mkiwa kazini. Ngoja ngoja huumiza matumbo.