Asiyesali Amshukuru Nani?

(Maneno yaliyosemwa na wanachama wawili katika mkutano wa tawi)



Sisi wawili wa genge la njia tulikuwa walevi, nasi tumeacha. Tena hatumwamini Mungu, ingawa tulisomeshwa na misheni na sala zake twazijua mpaka leo. Tumesimama kwa sababu mwenzetu mmoja aliambiwa kwamba asiyesali hawezi kupona. Akavunjika moyo, akarudia chang'aa.

Neno hilo si kweli. Chama cha walevi wanaosaidiana, Alcoholics Anonymous, kilianza Akron, Marekani, mwaka 1935. Hatua zake 12 zamtaja Mungu, lakini hata kabla kitabu chao hakijatoka mwaka 1939 walikuwamo wasioamini, kama Jim Burwell, wakashindania maneno mpaka ikaandikwa kwamba kila mtu amfahamu Mungu kwa namna yake. Mwaka 1975 wasioamini wa Chicago walianza kikundi chao.

Mwatuuliza, basi ninyi mwamshukuru nani? Usiku mmoja tulikuwa zamu ya kukagua njia, nasi tumelewa. Tulipita juu ya kiungo cha reli chenye bolti zilizolegea, tusizione. Mwenzetu wa genge alitufuata nyuma na spana, akazikaza kabla gari la mizigo halijapita. Hakutushtaki kwa nyapara. Alitutukana sana, na asubuhi akatuletea uji. Huyo ndiye tunayemshukuru, na nyumba yake twaijua. Wake zetu vilevile, waliokopa unga dukani wakati sisi tunanunua pombe. Deni la duka tumelipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Zamani tulikuwa tukiungama (twajisema wenyewe, si mtu mwingine), tukatoka tumetulia, na deni liko pale pale.

Tulizoea pia kusema shetani ametushika. Mkono ulioingia mfukoni ulikuwa wetu.

Jambo moja la hatari: aliyekunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake. Aweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa, na wengine hufa. Aende kwa daktari kwanza.

Twakutana kila Alhamisi baada ya kazi. Atakaye kusali atasali, nasi tutanyamaza mpaka amalize. Chai huletwa kwa zamu, na Alhamisi hii zamu ni yetu. Mwambieni yule mwenzetu kikombe chake kipo.