Samuel Tilden, Mwanasheria Aliyezifuata Fedha Hadi Benki
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Nimetakiwa nizungumze juu ya utunzaji wa hati za malipo. Nimeona heri nifanye hivyo kwa kueleza maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu, Samuel Jones Tilden.

Alizaliwa mwaka 1814 huko New Lebanon, Jimbo la New York. Afya yake ilikuwa dhaifu, wala hakuoa. Alipata ruhusa ya uwakili mwaka 1841, akatajirika kwa kuzishauri kampuni za reli. Hakuwa msemaji hodari. Sifa yake ilikuwa kusoma hesabu. Tangu 1866 aliongoza chama cha Democratic katika jimbo lake.

Ndani ya chama hicho hicho alikuwamo William Tweed, ambaye pamoja na wenzake waliishika hazina ya Jiji la New York. Njia yao ilikuwa nyepesi. Mkandarasi alitakiwa azidishe bei katika ankara yake, alipwe yote, kisha sehemu kubwa airudishe kwa wakubwa. Jengo la mahakama walilolijenga lilikula zaidi ya dola milioni 12. Fundi lipu Andrew Garvey aliandikiwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Nawaomba makatibu wanaocheka wakumbuke kwamba malipo hayo yalikuwa na hati, na hati ilikuwa na sahihi.

Julai 1871 gazeti la New York Times lilichapisha nakala za hesabu hizo. Sina budi kusema kweli: Tilden alichelewa. Wale walikuwa watu wa chama chake, na kwa miaka kadhaa hakuwagusa hadharani.

Septemba mwaka huo, maelfu ya hati za malipo yaliibwa katika ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jiji, Richard Connolly. Connolly mwenyewe alikuwa mmoja wa genge. Alipoona wenzake wanataka kumtwisha lawama zote, akamwendea Tilden kuomba shauri. Mwingine angemwambia ajiuzulu. Tilden alimkataza, kwa kuwa nafasi ingebaki wazi na Meya, mwenzao katika genge, angemweka mtu wake. Akamwonyesha kifungu cha sheria kilichomruhusu kumteua naibu mwenye mamlaka yake yote. Akateuliwa Andrew Green, mtu mwaminifu, na ofisi ikatoka mikononi mwa genge bila mtu kujiuzulu.

Hati zilikwisha potea, lakini fedha zilikuwa zimepita benki. Tilden akazichukua kumbukumbu za Benki ya Broadway, akalinganisha malipo ya jiji kwa wakandarasi na fedha zilizoingia katika akaunti za watu wengine. Akaona kwamba ankara zilipolipwa, mafungu yale yale kwa mia yalihamia kwa karani mmoja, Elbert Woodward, na kwa Tweed. Akaunti ya Tweed ilipokea karibu dola milioni moja. Orodha hiyo Tilden aliiapia Oktoba 1871, na Tweed akakamatwa mwezi huo huo. Alifia gerezani mwaka 1878. Makatibu wengine hudhani tunawadharau tunapodai taarifa ya benki kabla ya kufungua leja. Basi wajue desturi hii ina wazee wake.

Tilden alichaguliwa Gavana mwaka 1874, na mwaka 1876 akagombea Urais. Alimpita Rutherford Hayes kwa zaidi ya kura 200,000 za wananchi, ingawa huko Kusini wapiga kura weusi wengi walitishwa wasimpigie Hayes. Kura za wajumbe alipata 184, naye alihitaji 185. Kura 20 zilizobishaniwa zilipelekwa mbele ya tume ya watu 15, nayo, kwa 8 dhidi ya 7, ikampa Hayes zote. Tilden hakuwachochea watu wake.

Alifariki mwaka 1886, akiacha sehemu kubwa ya mali yake ijenge maktaba ya umma. Jamaa zake walikwenda mahakamani, na wosia ukabatilishwa kwa sababu uliwaachia wasii hiari pana mno. Wosia wa mwanasheria namna ile! Kwa mapatano na jamaa mmoja ziliokolewa kiasi cha dola milioni 2, na mwaka 1895 fedha hizo ziliunganishwa na maktaba mbili za Astor na Lenox, ikaanzishwa Maktaba ya Umma ya New York, iliyo wazi hadi leo.